Bastola shuleni si jambo la Washington peke yake
Ndugu mwandishi, umesema Bunge la Marekani likitaka linaweza kupiga marufuku silaha popote. Si kweli. Mwaka 1992 mwanafunzi wa sekondari San Antonio, Texas, alikutwa shuleni na bastola na risasi tano. Jimbo lilimshtaki, kisha likaiachia serikali ya shirikisho kesi hiyo. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaibatilisha sheria iliyotumika, ile ya shirikisho iliyokataza silaha shuleni: Bunge lilitegemea mamlaka yake ya kikatiba juu ya biashara kati ya majimbo, na bastola darasani si biashara hiyo. Bunge likairekebisha, sasa lazima ithibitishwe kwamba silaha ilivuka mpaka wa jimbo au inagusa biashara kati ya majimbo. Mwanangu anasoma hapa Texas. Nikimfunga kamba za viatu asubuhi, mpaka huo haunipi usingizi. Tuwabane wabunge wa jimbo, wao hawana kizuizi hicho.