Miezi Minane Mlinikadiria, Sasa Mnanipa Siku Saba

Meseji ya kampuni ya stima iliingia Jumanne jioni nikimenya viazi. Bili ya stima Sh18,740, ilipwe ndani ya siku saba la sivyo ukatiwe. Nikanawa mikono, nikavaa miwani, nikaisoma upya. Mwezi uliotangulia nililipa Sh1,620. Naishi London, hii yetu ya Nakuru, ya vumbi na moshi wa jalala la Gioto, nyumba ya vyumba viwili. Kiyoyozi sina. Nina friji inayokoroma, televisheni, pasi ya Jumapili, na taa ya nje ambayo mke wangu hataki kusikia izimwe.

Nikazitoa bili za nyuma kwenye droo, nikazipanga mezani. Januari: makadirio, yuniti 60. Februari: makadirio, yuniti 60. Hivyo hivyo mpaka Agosti. Nyumba gani hii inayotumia yuniti 60 kamili Aprili watoto wakiwa likizo wanashinda kwenye katuni, halafu 60 kamili tena Mei wakiwa shule? Lakini mimi nililipa, nikanyamaza. Bili ndogo haina mtu anayeikagua.

Wanasema msoma mita alikuwa akikuta geti limefungwa. Geti letu! Komeo lake liliharibika zamani, mbuzi wa jirani anaingia na kutoka kama mpangaji. Septemba msoma mita huyo akaweza ghafla yale mbuzi aliyoweza mwaka mzima. Akasoma namba halisi, wakatoa walichokisia, tofauti ikaangukia bili moja: yuniti 628.

Sasa niseme linaloniuma. Stima hiyo niliitumia. Au tuseme ilitumika kwangu. Baada ya Krismasi binamu yangu alikuja na mpango wa kuku, nikampa chumba cha nyuma. Vifaranga wanataka joto, na taa ya joto ya wati 250 ikiwaka usiku na mchana inakula yuniti 6 kwa siku. Wiki nne ni 168. Alilea makundi matatu, zidisha mwenyewe: 504. Kwa hiyo hawakunibandikia namba ya kubuni. Nilikaa mezani na kalamu nikitafuta uongo wao, na kila nilipojumlisha nilizidi kukaribia bili yao. Hakuna kitu kinachoudhi kama kukasirika halafu hesabu ikamuunga mkono unayemkasirikia.

Ila hasira yangu haiko kwenye jumla, iko kwenye Septemba. Kama mita ingesomwa mwisho wa Januari, bili ingepanda mara tatu au nne, na mimi ningemwita binamu kando: kaka, kuku wako wanakula stima kuliko chakula, toa kitu au tutafute jiko la makaa. Angelipa kidogo, au angeizima mchana jua likiwaka, au tungegombana kama ndugu wanavyogombana, lakini tungegombana kukiwa na cha kuokoa. Bili inaniambia nimetumia nini ili niamue nitumie nini. Ikija miezi minane baadaye, inanidai kwa maamuzi ambayo sikujua nayafanya. Binamu yuko Kitale tangu Aprili. Kuku waliuzwa. Na fikiria aliyehamia nyumba yenye mita kama yangu mwezi Agosti: atarithi vifaranga ambao hata hakuwasikia wakilia.

Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma anayouziwa. Mimi nilipewa 60, 60, 60. Hizo ni habari au ni kubahatisha?

Kuna jingine. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa inaishia yuniti 30, na ukipita 100 kwa mwezi unahesabiwa kwa bei ya juu. Miezi mingi mimi huwa katikati. Lakini kwenye bili hii zote 628 zimerundikwa mwezi mmoja, nikawekwa bei ya wenye nyumba za ghorofa. Juu yake kodi ya asilimia 16, pesa za mafuta ya kuzalishia, asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini. Mlima ninaouona nikianika nguo ni Menengai, na mvuke wake unazalisha stima tangu 2023. Haya, tuache.

Nilikwenda ofisini kwao. Foleni mpaka mlangoni, na wengi wetu tumeshika karatasi zilizokunjwa vilevile. Msichana wa dirishani alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia.

"Mzee, sistimu ndiyo inaonyesha hivyo."

"Na miezi minane iliyopita sistimu ilikuwa inaonyesha nini?"

"Ilikuwa inakadiria, mzee. Lipa kwanza, halafu uandike malalamiko."

Lipa kwanza! Kwao kukosea kunapewa miezi minane, kwangu siku saba. Na Ijumaa saa kumi jioni, ofisi zikifungwa, kijana akaegemeza ngazi kwenye nguzo yetu. Siku ya tatu. Nikamwonyesha meseji kwenye simu. Akaisoma polepole, akahesabu kwa vidole, akakuna kisogo. "Mzee wangu, mimi nimepewa orodha tu." Akashuka, akaenda zake. Huyo ndiye mtu pekee katika habari hii aliyesoma kitu kabla ya kutenda, na nilimpa chai.

Najua mtakaoniambia nihamie tokeni, nilipie stima kabla ya kuitumia. Dada yangu wa Kisumu ana tokeni, huandika tarakimu 20 gizani huku akishikiwa tochi na mtoto. Na mtakaosema ningeweza kutuma namba za mita mwenyewe kwa simu: kweli, ningeweza. Nitaanza pia kujichomea mkate na kujinyoa nywele.

Jumatatu nilirudi, tukaandikiana kulipa kwa awamu nne. Ya kwanza nimeshatoa, ada ya shule ya kifungua mimba itasubiri. Sasa kila tarehe mosi nafungua kijisanduku cha mita, napangusa utando wa buibui, naandika namba kwa kipande cha makaa kwenye ukuta wa chokaa pembeni yake. Mke wangu anasema ukuta unaharibika.

Binamu nilimpigia mara tano. Mara ya sita akajibu kwa meseji: "Pole sana kaka. Kundi la tatu lenyewe nusu lilikufa na kideri."