Ubongo si ghala la kujazwa

Wiki iliyopita nilimkuta shangazi yangu, huko Mbale, ameshika kopo la unga alilouziwa kwa shilingi 60,000. Mwuzaji alikuwa amemwambia kwamba anasahau kwa sababu ubongo wake umeishiwa protini. Nimekasirika, wala si kwa ajili ya fedha peke yake: kinachoniuma ni wazo kwamba ubongo ni ghala, likipungua linajazwa.

Ninakubali, japo kwa shingo upande, kwamba lishe ina nafasi yake, kwani mtoto anayelishwa muhogo mtupu huumia. Hata hivyo, protini tunayokula huvunjwavunjwa kuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, kabla ya kuingia katika damu, na seli ya neva hujitengenezea protini zake yenyewe.

Tena seli hiyohiyo hubomoa kwa bidii ileile inayojengea. Seli za ngozi hugawanyika, na kilichochakaa hupungua kila zinapozaana. Seli za neva zilizokomaa hazigawanyiki, hivyo hulazimika kuishi umri wetu wote na kila kilichoharibika ndani yake kisipoondolewa. Protini iliyochakaa au iliyojikunja vibaya hubandikwa alama ya ubikwitini, yaani protini ndogo, kisha hukatwakatwa ndani ya proteasomu, mashine ya seli ya kuvunjia protini. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua njia hiyo. Marundo makubwa zaidi huzungushiwa utando na kupelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha seli cha kusagia takataka, na pale akzoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, inapotoka kwenye uti wa mgongo hadi mguuni, takataka za ncha ya mbali husafirishwa karibu mita nzima kurudi kwenye mwili wa seli. Ujenzi nao hufanyika hata pembezoni: mwaka 1982 Oswald Steward na William Levy walionyesha ribosomu, yaani viwanda vidogo vya protini, zilizokaa jirani kabisa na sinapsi, mahali seli moja ya neva inapoipasha nyingine habari. Ndiyo maana, katika majaribio ya panya, kuzuia ubomoaji kumevuruga kumbukumbu kama kulivyofanya kuzuia ujenzi. Mwaka 2006, watafiti wa Japani walipoondoa jeni moja ya usafishaji katika neva za panya, protini zilirundikana na wanyama hao wakaanza kushindwa kutembea vizuri.

Katika magonjwa ya Alzheimer na Parkinson, ubongo hukutwa na protini zilizorundikana. Kumwambia mzee anayesahau kwamba dawa yake ni kuongeza tu, kabla hajapimwa na yeyote, ni kumdhulumu.

Shangazi huyu ndiye aliyenifundisha kutunza migomba nikiwa mdogo. Alinisimamia nikate majani makavu na kung'oa machipukizi ya ziada, akisema kwamba shina lililoachiwa kila chipukizi halizai mkungu mnene. Bado anayakumbuka hayo, ingawa majina ya wajukuu yanampotea. Jumatatu ninampeleka kwa daktari wa neva, na kopo hilo tutalibeba ili daktari alione.