Weka bei, kamati ikuone

Wiki hii nimepitia kurasa za wapiga picha wa harusi wenzangu wa hapa Dodoma, Instagram na TikTok. Kazi ni nzuri. Lakini chini ya picha nyingi kuna mtu kauliza, "Bei gani?" na kajibiwa, "Njoo inboksi." Jibu hilo linaniuma, maana aliyeuliza alikuwa ameshafika mlangoni.

Tukumbuke anayetulipa ni nani. Bibi harusi anapenda picha, sawa, ila pesa iko kwa kamati ya harusi. Kikao kimekaa Jumapili jioni, mweka hazina ana daftari, ahadi za michango ni nyingi kuliko fedha taslimu. Kuna ukumbi, chakula, mapambo, MC, muziki, keki, halafu mstari mmoja umeandikwa "picha na video". Mjumbe anatoa simu, anafungua kurasa mbili tatu. Aliyetaja kiasi anaandikwa palepale. Wa inboksi anarukwa, kwa sababu hakuna atakayesimamisha kikao akisubiri ujibu ujumbe huku uko kazini kwenye harusi nyingine. Nimekaa kwenye kamati za ndugu zangu, nimeyaona.

Wenzangu husema bei ikiwa wazi, jirani atashusha yake. Jirani anayetaka kushusha atashusha hata ukificha, maana wateja wanampelekea bei yako. Taja bei ya kuanzia na useme imebeba nini: saa ngapi za kazi, wapiga picha wangapi, albamu ya kurasa ngapi, sendofu imo au haimo. Na usafiri. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, watumishi wengi wanaishi Ilazo, Kisasa au Nzuguni, na ukoo uko Bukoba au Mtwara. Ndoa inafungwa kwao, tafrija nyingine inafanyika huku na wafanyakazi wenzao. Ukiandika mapema kwamba unasafiri, na nauli ni ya nani, umewapunguzia kikao kizima.

Jambo la pili ni kuonyesha harusi moja nzima. Tunabandika bibi harusi mmoja aliyelainishwa uso, wengine hata picha za harusi za Lagos. Mpiga picha wa Dar es Salaam sasa anapanda treni ya SGR na kushuka hapa siku hiyohiyo. Tunachomzidi ni kuijua Dodoma: jua la saa saba mchana linalotia giza machoni, vumbi la kiangazi, mbuyu usio na majani, na ule mwanga wa saa kumi na moja na nusu unapogusa mawe ya mlimani. Hayo yaonekane. Kisha weka na ukumbi wenye taa za zambarau, ambako ngozi zetu hugeuka rangi kamera ikiwa mikononi mwa asiyejua. Weka foleni ya zawadi, shangazi wakiingia na vitenge wakicheza. Mama mzazi anatafuta humo kama ndugu zake watapigwa picha wote, na mama akikataa, kamati haina la kusema.

Ruhusa ya kubandika picha za mtu nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, ila hata isingekuwepo, sura ya mtu ni ya mtu. Mimi nina mstari wake kwenye mkataba. Bibi harusi mmoja alinikatalia picha anayolia begani kwa baba yake, picha niliyoipenda kuliko zote za mwaka ule. Haijatoka kwenye kompyuta yangu.

Mwezi uliopita kamati moja ya Makulu ilinipigia kikao kikiwa kinaendelea. Mweka hazina alikuwa ameshasoma bei na kuiandika. Aliuliza swali moja tu: tarehe yao iko wazi? Ilikuwa wazi.