Kwenye Leseni Mimi ni Wanne

Mbukwenyi jamani. Leo sina hadithi ndefu, nina chumba tu.

Chumba chenyewe ni cha futi kumi kwa kumi na mbili, kipo njia panda ya kijiji chetu, ukishaupita mbuyu. Humo nauza sukari ya kupima, chumvi, sabuni za kipande na mafuta ya alizeti ya kwenye chupa za soda. Kona ya kushoto pana kiti kimoja na kioo chenye ufa, hapo nanyoa: mtu mzima 1,000, mtoto 500, mtoto anayelia 700. Juu ya bati nina paneli ya sola, chini ya meza betri la gari, nachaji simu kwa 300. Mlangoni nimefunga pampu ya baiskeli kwa mnyororo, maana vijana wa kwetu wanaheshimu vitu vilivyofungwa.

Miaka yote nilidhani hiyo ni biashara moja ya mtu mmoja anayehangaika. Kumbe hesabu sijui.

Hesabu nilifundishwa siku niliyokwenda halmashauri kukata leseni. Halmashauri yenyewe siitaji, ni moja ya hizi zetu za huku kati. Niliamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, maana ni moja tu, likikupita unasubiri kesho yake. Saa tatu niko mlangoni. Naambiwa mhusika ametoka kidogo.

Nikachungulia mezani kwake. Kikombe cha chai kimefunikwa kisosi, kando yake chapati iliyong'atwa mara moja. Nikajipa moyo: mtu hawezi kwenda mbali akaiacha chapati ya namna ile. Saa nne chai ikatengeneza utando. Saa tano nzi akaanza kuikagua chapati. Saa sita kasoro mwenyewe akaingia, kijana mpole tu, akanipa shikamoo nzuri, hasira zote zikaisha. Hawa vijana wa siku hizi wamesomea kuwamaliza wazee kwa shikamoo.

"Mzee, aina ya biashara?"

"Duka."

Angeishia hapo, na mimi ningeishia hapo. Lakini alinitazama kwa heshima, na mimi tangu mama watoto aache kunisikiliza, akinisikiliza mtu nalewa. Nikajisifu. Nikamwambia siyo duka tu, mwanangu, mimi ndiye kinyozi wa vitongoji vitatu. Akaandika. Nikamwambia na simu zote za kijiji zinalala kwangu. Akaandika. Nikamwambia hata baiskeli ikiishiwa upepo inakuja kwangu. Akainua uso.

"Unajaza upepo?"

"Wanajaza wenyewe. Bure. Ule upepo ni wa Mungu."

"Pampu ya nani?"

"Yangu."

Akaandika: ufundi baiskeli. Halafu akageuza kompyuta nione. "Hizo ni biashara nne, mzee wangu."

Nikamwambia chumba ni kimoja. Akaniambia mfumo hauoni chumba, unaona biashara. Nikamwambia basi mfumo uje kijijini, ukikaa ndani ya kile chumba wateja wawili hawaingii. Akacheka kwa adabu, akanieleza mlolongo: namba ya mlipakodi, cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi, mkataba wa pango (nyumba ni ya marehemu baba, sasa nijipangishe?), na kwa sababu nauza mafuta ya kula na nanyoa vichwa, bwana afya aje akague. Nikiyakamilisha yote nitapewa namba ya malipo, mara nne.

Sibishani na sheria. Sheria ya leseni za biashara ni ya 1972 na mimi ni wa 1973, imenizidi mwaka mmoja, naiheshimu kama kaka. Na huo mwaka wangu wa kuzaliwa ndio chama kiliamua makao makuu ya nchi yaje Dodoma. Serikali ikafunga mizigo 2016. Kwa hiyo kusubiri sikuanza jana, nimezaliwa nako.

Sasa kwa kuwa nimeshapanda cheo na kuwa wafanyabiashara wanne, nikaona niulize mambo ya maana kabla basi halijarudi. Nikauliza ile barabara yetu, ambayo mwezi wa pili hata punda anaisonya, mtaitengeneza lini?

"Barabara siyo sisi, mzee. Tangu 2017 ni TARURA."

Sawa. Na maji?

"Maji vijijini siyo sisi. Tangu 2019 ni RUWASA."

Na umeme, maana nguzo zimefika shuleni zikageuka?

"Umeme ndiyo kabisa siyo sisi."

Nikamuuliza kwa upole, kama mzazi: sasa mwanangu, ninyi hapa ni nini?

Akafikiria kidogo. "Sisi hapa ni leseni."

Nikashukuru. Angalau kuna kitu kina mwenyewe.

Sasa msidhani wananionea mimi tu, huu ndio utaratibu wao wa kuhesabu. Mwezi wa saba nilipakia alizeti kwenye Canter ya jirani, magunia kumi na moja, kupeleka kwenye mashine ya kukamulia iliyo halmashauri ya pili. Tangu bajeti ya 2017 ilishasemwa kwamba mkulima akivusha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru. Hilo nalijua vizuri, siku lilipotangazwa redioni nilirukaruka mpaka kuku wakakimbia. Gunia la alizeti hata ulishindilie kwa magoti linacheza kwenye kilo sitini na kitu, kumi na moja yanatoa mia saba na ushee. Tukafika getini. Geti lenyewe ni mti wa mkaratusi umelazwa juu ya madebe mawili. Kijana akatoka na kimashine chake cha kutolea risiti mkononi, akalizunguka gari, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Hii inafika tani."

Nikauliza mzani uko wapi. Akasema mzani upo kwenye mpango, kwa sasa wanatumia uzoefu. Tukabishana mpaka dereva akazima gari. Mwisho tukaelewana kwamba jicho lake limezidisha, lakini bado kuna ushuru wa kitu kingine, jina lake sikulikamata vizuri kwa sababu alilisema akiwa tayari anabonyeza. Kimashine kikatoa risiti papo hapo. Yaani serikali ina kitu chenye kasi kuliko treni ya umeme ya kutoka Dar, ni hicho kimashine. Treni inakuja Dodoma kwa kama saa nne. Faili langu kutoka chumba namba 4 kwenda chumba namba 7, milango mitatu tu, lilitumia wiki mbili.

Haya, geuza sasa upande wa pili.

Tuna boma la zahanati. Kwa msiolijua, boma ni jengo ambalo wananchi wamelijenga kwa mawe na migongo yao likafika kwenye lenta, wakamwachia serikali ipaue. Kulikuwa na mpango wa afya ya msingi wa 2007, miaka kumi, kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Sisi tukaamini, tukaanza 2012. Wanaume tulisomba mchanga korongoni, wanawake walibeba maji ya kufyatulia tofali, na huku kwetu maji ya kufyatulia tofali yanatoka kwenye maji ya kunywa. Mimi nilitoa mifuko miwili ya simenti, jina langu likasomwa mkutanoni, nikapigiwa vigelegele. Boma likasimama. Bado limesimama. Mbuzi wa jirani yangu ameshazaa humo mara tatu, mara ya mwisho mapacha, kwa hiyo huduma ya mama na mtoto imeanza, ila ni kwa mbuzi.

Kila mwaka tunaitwa kwenye mkutano kuibua vipaumbele. Wanasisitiza neno kuibua, kana kwamba shida zetu zimezama. Tunaibua: kupaua zahanati, kivuko cha korongo, choo cha shule. Mtendaji anaandika. Vinapanda kwenye kata, kamati ya maendeleo ya kata inakaa, vinapanda halmashauri, wataalamu wanakaa, baraza la madiwani linakaa, vinapanda mkoani, vinapanda TAMISEMI, halafu Bunge linakaa pale pale Dodoma mjini kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Sijaona safari ambayo watu wanakaa kiasi hicho. Na cha kuchekesha, bajeti ya nchi nzima inasomwa hapa hapa mkoani kwetu. Ikitoka pale mlangoni inatupita juu kama ndege ya kwenda Mwanza. Tunaona moshi tu.

Mwaka jana diwani alikuja kutupa mrejesho. Mtu mwema, alikuja na pikipiki yake mwenyewe na kijiti mdomoni. Akasema vipaumbele vyetu vimepokelewa vizuri sana, isipokuwa vimekutana na ukomo wa bajeti. Bibi mmoja akauliza huyo Ukomo ni mtu wa wapi. Diwani akaeleza kwamba ni kikomo, fedha mwisho hapa. Na zaidi ya hapo, akasema, ukiangalia idadi ya kaya, kijiji chetu ni kidogo, kijiji jirani kina zahanati, kilomita tisa tu.

Nikasimama. Nikasema mheshimiwa, mimi peke yangu halmashauri imenihesabu nikafika wanne. Jirani yangu anayeuza pombe, nyama choma na vocha ni watatu. Ukituhesabu kwa kitabu cha leseni, hiki kijiji ni mji mdogo. Iweje tukifika kwenye zahanati tunapungua?

Watu wakapiga makofi. Diwani akatabasamu, akasema hoja ni nzuri, imechukuliwa. Mwenyekiti naye akasema mtu mwenye uchungu namna hii anafaa kuingia kamati ya ujenzi, nikachaguliwa bila kupingwa. Sasa nikiuliza zahanati itapauliwa lini, naulizwa mimi.

Kivuko ndicho kinanichosha zaidi. Korongo letu hujaa Januari, linabeba mbuzi, linabeba magogo, watoto hawavuki kwenda shule. Barua tunaandika Januari hiyo hiyo. Wakaguzi wanakuja Agosti wakiwa na gari zuri, wanasimama katikati ya korongo, mchanga mkavu mpaka unaungua miguu, na kuna ng'ombe amelala. Wanaulizana daraja la nini hapa. Nani atawaamini mashahidi ambao ni mchanga na ng'ombe?

Mikopo nayo niguse kidogo tu, presha isinipande. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inagawanywa hivi: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ilisimama 2023, ikarudi 2024, kikundi cha mke wangu kikapata, ana kuku wa mayai sasa na anajibu simu kwa sauti ya meneja. Mimi mwanaume wa hamsini na kitu, goti linauma lakini daktari amegoma kuliita ulemavu, nimejumlisha 4 na 4 na 2 kila siku, inatoka kumi kamili, mimi simo. Wanne wote hatumo.

Sasa juzi Alhamisi. Nimekaa zangu, paneli inahangaika na mawingu, inasimama pikipiki. Ni yule kijana wa chapati. Amekuja kukagua walio na leseni na wasio nazo. Nikamwonyesha zangu, nimezipanga ukutani nne, zimeziba hata bei ya kunyoa. Akafurahi. Akasema wazee kama mimi ndio tunaijenga nchi. Halafu akajipapasa kichwa, akajitazama kwenye kile kioo chenye ufa, akasema kesho asubuhi kuna kikao, mkurugenzi atakuwepo, nimpunguze kidogo.

Nikamfunga kitambaa. Nikaanza upande wa kushoto, taratibu, kazi safi, mpaka ngozi ikawa inang'aa kama sahani ya harusi. Nikazunguka sikio. Nikafika juu ya utosi, katikati kabisa. Mashine ikatoa sauti kama ya mzee anayeinuka mkekani, ikanyamaza.

Nikatikisa waya. Nikachungulia betri. Simu kumi na nne za wanakijiji zilikuwa zimeninginia pale toka asubuhi, zimelinyonya lote.

"Vipi mzee?" ananiuliza.

Nikamgeuzia kioo ajione.

Akashtuka, akashika upande wa nywele, akashika upande wa upara. "Sasa itakuwaje? Huna wembe?"

Nilikuwa nao, upo kwenye droo. Lakini mkono ulikataa kwenda.

"Afisa," nikamwambia, huku namkung'uta bega, "upande wa kushoto umetekelezwa kwa asilimia mia moja. Upande wa kulia umepokelewa, upo kwenye mpango, tatizo ni ukomo wa betri. Kinyozi wa karibu yuko kijiji jirani, kilomita tisa tu."