Ndoto ya Harry: imeiokoa filamu au imeiua?

Wiki iliyopita tulitandika mikeka juu darini, nyumbani kwetu Langoni, mjini Lamu, tukaelekeza projekta kwenye ukuta wa chokaa na kutazama filamu ya mwaka 1945, The Strange Affair of Uncle Harry. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Mjomba wangu alisema alhamdulillahi kwa sauti. Dada yangu mkubwa alikaa kimya kama mtu aliyeibiwa. Ubishi ulioanza hapo ulitufikisha saa sita ya usiku, na mimi bado ninao kichwani.

Filamu yenyewe inafunga kwa kuwaomba watazamaji wasiwatobolee wenzao mwisho wake. Ombi hilo nitalivunja, kwa sababu ugomvi wote uko kwenye huo mwisho.

Kisa ni hiki. Harry Quincey, anayechezwa na George Sanders, ni kapera wa makamo katika mji mdogo wa New Hampshire, Marekani. Ukoo wake ulikuwa na mali ukaipoteza uchumi ulipoanguka, na sasa yeye huchora nakshi za vitambaa kiwandani. Anaishi na dada zake wawili. Hester ana maneno mengi lakini moyo wake mweupe. Lettie, mdogo, ni mzuri, mwerevu, na mgonjwa wa ugonjwa unaokuja anapouhitaji. Anapotokea Deborah, mwanamke wa New York, Harry akampenda, maradhi ya Lettie yanapamba moto kila harusi inapokaribia, mpaka inavunjika. Harry anaikuta sumu ambayo Lettie aliinunua kwa ajili ya mbwa wao mzee. Anaitia kwenye kikombe cha Lettie, lakini anayekinywa ni Hester. Lettie anashitakiwa na kuhukumiwa kunyongwa. Harry anakwenda gerezani kukiri, na hakuna anayemwamini. Lettie angeweza kujiokoa kwa neno moja tu la kumuunga mkono, naye halisemi. Anachagua kufa, ili Harry abaki hai na alichokifanya.

Halafu Harry anazinduka. Ilikuwa ndoto. Hester mzima, Deborah amerudi.

Ndoto hiyo haimo katika mchezo wa jukwaani wa Thomas Job wa mwaka 1942 ambao filamu ilitolewa humo. Hollywood ya wakati ule ilikuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na mojawapo ilitaka muuaji asitoke salama. Muuaji ambaye sheria imekataa kumwadhibu alikuwa hapiti. Kwa hiyo mauaji yakageuzwa ndoto. Mtayarishaji, Joan Harrison, mwanamke aliyekomaa katika kazi akiwa na mwongozaji maarufu wa filamu Alfred Hitchcock, aliondoka studio ya Universal kwa kuupinga mwisho huo. Mwongozaji wa filamu, Robert Siodmak, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliendelea kutengeneza filamu za aina hiyo, zile ambazo wahakiki wa Ufaransa walikuja kuziita noir, yaani nyeusi.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku nchini, na mwenyewe alieleza kwamba alikuwa ametakiwa aubadilishe mwisho, kwa sababu ulionekana una matumaini kupita kiasi. Hollywood ya 1945 ilidai mwisho usafishwe, na hapa ikadaiwa mwisho utiwe majuto. Mtu unaweza kuwa na rai yoyote juu ya filamu zenyewe, lakini kalamu ya asiyekuwa mtunzi huacha alama, na mtazamaji huiona hata kama hajui imetoka wapi. Dada yangu hakuwa amesoma lolote kuhusu kanuni hizo. Alisema tu, "Hapa mtu mwengine ameingia."

Sasa, hoja ya mjomba si ya kupuuzwa, na kwa kweli ni nzito kuliko zile ninazozisoma kwa watetezi wengi wa filamu hii, ambao husema tu kwamba watu hupenda kutoka sinema na furaha. Yeye alikwenda kwenye nia. Tumefundishwa chuoni, yaani madrasa, kwamba mja akiazimia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mola wake, haliandikwi kuwa ni dhambi, bali huandikiwa jema. Kwa mjomba, ndoto ile ni rehema: Harry ameonyeshwa mwisho wa njia kabla hajaikanyaga. Ameuona mwili wa Hester, ameona kitanzi, ameona uso wa ndugu yake wa tumbo moja ukimgeukia kwa chuki tulivu, na amerudishwa akiwa bado ana mikono misafi. "Nani kati yetu hakupata kuzinduka akashukuru?" aliuliza. Baraza zima liliitikia, na mimi pia, kwa sababu ni kweli.

Ila kuacha kunataka uache. Harry anapofungua macho, Deborah amesharudi, na sababu ya kuua imeondoka kwa mlango uleule alioingilia. Hatumwoni akishindana na nafsi yake na kushinda. Hapo ndipo rehema ya mjomba inapopwaya kwangu.

Dada yeye hakugusa dini wala kanuni. Alimtazama Lettie. Kwa waungwana wa Lamu desturi ya zamani ni binti kupewa nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Mwanamke ana kuta zake. Dada yangu aliitazama nyumba ya akina Quincey kwa macho hayo: wanawake wawili chini ya dari moja na kaka mwenye mshahara, na siku mke akiingia, wao watakuwa wageni wa nani? Hakumtetea. Alikubali kwamba Lettie ana husuda, tena husuda yenye kitu kichafu ndani yake, mapenzi kwa kaka yaliyopita mpaka wa udugu, ambayo filamu inayasema kwa macho tu. Lakini alisema Lettie ni mtu anayepigania mahali pa kulala, na kwamba hilo ndilo linalofanya ile nyumba itishe. Hakuna jitu baya pale. Kuna ndugu watatu waliochelewa kutengana.

Hili lilinigusa zaidi ya nilivyotarajia. Najua nyumba humu mjini ambazo mirathi haijagawanywa tangu babu afe, ndugu wakila sinia moja na kila mmoja akihesabu kimoyomoyo nani atatoka kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Siodmak aliijua hali hiyo, aliyekulia mbali na bahari yetu. Itazame ile saa ya kikombe: hakuna muziki wa kutisha wa kukuamuru uogope, ni kinywaji cha usiku kama cha usiku mwingine wowote, dada anamtengea ndugu yake, na wewe uliye nje ndiye pekee unayetaka kupiga kelele.

Dhidi ya ndoto, basi, shitaka kubwa ni hili: Lettie anakuwa mtu kamili gerezani tu. Pale Geraldine Fitzgerald, anayemcheza Lettie, anaacha kuigiza mgonjwa. Uso wake unatulia, mabega yanashuka, na kwa mara ya kwanza anasema jambo lisilokuwa hila. Kisha tunaambiwa hakuyasema. Ujasiri wake wa pekee, hata kama ni ujasiri wa kisasi, ulikuwa usingizi wa mwanamume.

Nilidhani hoja hii imefunga mjadala, mpaka binamu yangu, aliyekuwa amejilaza kimya pembeni, akaigeuza. Kama ni ndoto, alisema, aliyemhukumu Harry si Lettie. Ni Harry. Ni yeye aliyemvisha dada yake uso ule na kumpa maneno yale, kwa hiyo anajua kabisa anachostahili. Nimelifikiri hilo wiki nzima. Ni sawa, na linaipa filamu kina ambacho sidhani wale waliolazimisha ndoto walikikusudia.

Lakini likiwa sawa, lazidi kuzilaumu dakika za mwisho. Mjomba alitaja Surat Yusuf, nayo ni sura ya ndugu waliooneana husuda, inayoanza kwa ndoto. Yaaqub anamwonya mwanawe asiwasimulie nduguze aliyoyaota, wasije wakamfanyia vitimbi. Kisima, utumwa na gereza vinafuata, na mwishoni kabisa Yusuf anamwambia babake kwamba ile ndio taabiri, yaani tafsiri, ya ndoto yake ya zamani. Ndoto ile ilikuwa deni, na kila mtu katika kisa alililipa, wale kaka kwa kukiri makosa yao mbele yake. Ndoto ya Harry haina taabiri. Mtu amejiona akiua ndugu yake, akazinduka, akapata mchumba. Hamwambii Lettie lolote la kulingana na alichokiona, na maradhi ya nyumba ile yanaachwa kitandani kama yalivyokuwa.

Kwa hiyo niko upande wa dada, ingawa si kwa sababu zake zote. Kwangu ndoto yenyewe ingeweza kukaa, lau Harry angezinduka akiwa na jambo la kufanya.

Wengine walipokwisha kushuka, dada aliniomba nirudishe nyuma hadi gerezani. Tuliitazama sehemu ile mara mbili, sauti chini ili tusiwaamshe watoto. Mara ya pili, mlango ulipofungwa nyuma ya Lettie, alinyoosha mkono akaizima projekta mwenyewe, kabla Harry hajafungua macho.