Hagebutte, rozela na ile rangi nyekundu

Mswahili aliyeingia Ujerumani juzi, akiwa amelazwa hospitali au amefikia hosteli ya vijana, akisema anataka chai huletewa kitu chekundu, kichachu, kisicho na maziwa wala jani hata moja la chai. Ataambiwa ni Hagebuttentee. Akipiga simu nyumbani atasifu: huku wanakunywa chai ya matunda ya porini, ina vitamini, si kama sisi na sukari zetu. Sifa hizo zina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike.

Hagebutte ni tunda la mwaridi pori. Si lile waridi la Naivasha linalokatwa likiwa bado tumba na kupakiwa ndege. Hilo halipewi nafasi ya kuzaa, na hata lingezaa, dawa linazopigiwa zingenizuia kulitia kikombeni. Mwaridi unaozungumzwa hapa ni kichaka cha miiba iliyopinda kuelekea chini, huota pembezoni mwa mashamba na misitu, hutoa maua ya rangi ya waridi iliyopauka mwezi Juni, na kufikia mwisho wa Septemba umejaa vitunda vyekundu vyenye urefu wa sentimita mbili hivi. Pwani za kaskazini kuna mwingine wenye asili ya Asia Mashariki, ambao matunda yake ni mviringo na manene kama nyanya ndogo. Yote mawili yanafaa kwa chai.

Sasa geuza sanduku la dukani usome viambato. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kitangulie. Utakuta Hagebutte na Hibiskus, na kuna masanduku ambayo Hibiskus ndiyo iliyotangulia hata kama picha ya mbele ni ya Hagebutte peke yake. Hiyo Hibiskus ni rozela. Choya. Ile ile inayouzwa kwa glasi yenye barafu Dar es Salaam. Viwanda vya huku huinunua Sudan, Misri, Nigeria na China. Hagebutte yenyewe kwa sehemu kubwa huletwa kutoka Chile, na nyingine huvunwa kwenye milima ya Lesotho. Kwa hiyo anayesifu "chai ya misitu ya Ujerumani" huenda anakunywa tunda la Amerika ya Kusini lililopakwa rangi na ua la Afrika.

Nasema limepakwa rangi kwa sababu Hagebutte tupu haitoi wekundu ule. Chemsha maji, mimina juu ya maganda yake makavu, subiri: utapata rangi ya machungwa iliyofifia, kama sturungi iliyotiwa majani kwa ubahili. Ladha yake ni ya upole, uchachu kidogo na utamu wa mbali unaokaribia tini kavu. Wekundu wa damu na ule uchachu wa kukunja uso ni kazi ya rozela.

Basi cha kuwaonea watu wa huku wivu si tunda. Chungwa lina miligramu 50 hivi za vitamini C katika gramu 100. Hagebutte mbichi ina 400 na kuendelea, kutegemea aina na mahali, na hapo kweli inatisha. Lakini pera lina zaidi ya 200, na pera hulihitaji kulikausha, kulikwangua wala kulichemsha. Unaling'ata chini ya mti. Ubuyu nao umo katika kundi hilo hilo. Tena hesabu ya Hagebutte ni ya tunda bichi. Likikaushwa hupoteza sehemu, likimwagiwa maji ya moto hupoteza nyingine, na kinachobaki kikombeni ni kidogo kuliko kinachosimuliwa. Ninachowaonea wivu ni ukaushaji, na unyamavu wa lebo.

Nianze na kuchuma. Kifungu cha 39 cha sheria ya Ujerumani ya kulinda mazingira kinamruhusu mtu yeyote kuchukua matunda na majani ya chai ya porini, kwa kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe. Mkoba mmoja ni halali. Magunia ya kuuza sivyo, na ndani ya hifadhi usiguse kitu. Kaa mbali na barabara kubwa kwa sababu ya vumbi la magari. Halafu hakikisha unachochuma. Tunda la mwaridi lina alama kavu ya ua kwenye ncha yake, na kwa aina nyingine masalio matano makavu bado yameshika, na majani ya mti yako matano au saba kwenye kikonyo kimoja, yenye meno pembeni. Katikati ya vichaka hivyo huota pia mimea mingine ya matunda mekundu yenye sumu, hasa mti wenye majani membamba kama sindano na tunda laini lililo wazi mbele kama kikombe. Usilolitambua kwa hakika, liache.

Kwa chai chuma likiwa jekundu kabisa lakini gumu, kabla baridi ya kugandisha haijapiga. Baada ya barafu hulainika na kuwa tamu zaidi, ila hilo ni la jamu: kusini mwa Ujerumani, watu wa Schwaben wanaiita Hägenmark, wa Franken wanaiita Hiffenmark, na ni tamu kwelikweli. Tunda laini ukilikausha hugandana na trei na kuota ukungu.

Wengi huharibikiwa ndani ya tunda. Limejaa mbegu ngumu, na mbegu zimezungukwa na vinyweleo vifupi vinavyowasha. Anayejua upupu amenielewa. Hivi ni upupu mpole, lakini vikifika kooni utakohoa jioni nzima. Watoto wa huku hutiana vinyweleo hivyo ndani ya kola kwa utani. Mwaka 1941, machungwa yalipokuwa hayafiki Uingereza kwa ajili ya vita, serikali iliwahimiza raia, watoto wakiwemo, kuchuma matunda haya ili itengenezwe sharubati ya vitamini kwa watoto wadogo, na mapishi ya wakati ule yalitaka nusu kikombe cha kwanza kirudishwe kichujwe upya. Sababu ni vinyweleo hivyo.

Vaa glavu. Osha matunda, yafute, kata kikonyo na ncha kwa mkasi, pasua kila moja kwa urefu. Usihangaike kukwangua mbegu saa hiyo hiyo, kwa kuwa nyama inanata na vinyweleo vinashika kila mahali. Yaanike vipande saa chache mpaka viwe kama ngozi ya kiatu, ndipo ukwangue kwa mpini wa kijiko kidogo. Ukichelewa vikakauka kabisa, mbegu hazitoki tena bila kugombana nazo. Baada ya hapo suuza haraka kwenye maji baridi, futa, endelea kukausha.

Nyumbani ningesema weka juani. Hapa jua la Oktoba ni la picha tu. Oveni nyuzi 45, mlango uachwe wazi kidogo kwa kubanwa na mwiko ili unyevu utoke, kwa muda wa saa nane hivi. Mlango ukifungwa, tunda linajipika kwa mvuke wake, linakuwa la kahawia na kunuka kama sukari iliyoungua. Anayeogopa bili ya umeme aweke trei juu ya hita ya ukutani siku tatu mpaka tano na kugeuza kila siku. Kilo moja mbichi, ukiisha kutoa mbegu na maji, huacha robo kilo hivi. Kipande kilichokauka kinavunjika; kikipinda, bado.

Kukausha matunda mazima ni mtego. Ganda la nje ni gumu na lina nta, hivyo tunda huonekana limekauka huku tumboni lina maji. Mwezi mmoja baadaye unafungua chupa, unakutana na harufu ya kabati la nguo za zamani. Kwa hiyo kipimo ni hiki: jaza chupa ya kioo theluthi mbili, funga, itikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona umande ndani ya kioo, rudisha kwenye trei siku hiyo hiyo. Bila umande, weka kabatini gizani, andika mwezi na mwaka juu ya chupa, nayo itakaa mwaka mzima. Likibadilika kutoka wekundu kuwa kahawia, halitakudhuru, ila ladha imekwisha.

Hapo ndipo nyumbani tunaponiudhi. Rozela yetu ni bora, jua tunalo bure, lakini mara ngapi umenunua mfuko wa rozela yenye mchanga, kwa kuwa ilianikwa juu ya turubai lililotandazwa chini, kuku wakapita? Kilo kumi mbichi hutoa kama kilo moja kavu, ni kazi kubwa, halafu inafungwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu na baada ya wiki tatu imeota ukungu. Pwani wakati wa masika hali ni mbaya zaidi, maana hewa yenyewe ni maji. Kichanja cha wavu kilichoinuliwa kufikia kiunoni, kivuli chenye upepo, na kile kipimo cha chupa cha wiki moja vingemaliza karibu malalamiko yote. Havihitaji mfadhili.

Na lebo. Kwenye sanduku la chai ya kawaida huku hairuhusiwi kuandika kwamba chai inatibu ugonjwa. Zaidi watasema vitamini C husaidia kinga ya mwili kufanya kazi yake ya kawaida, na maneno hayo yenyewe yanatoka kwenye orodha iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Nyumbani mfuko mmoja wa majani unatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, na bado umebaki nafasi ya namba ya simu. Rozela inaweza kushusha presha kidogo, ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo anayemeza vidonge vya presha amuulize daktari kabla ya kuinywa kila siku. Mfuko haumwambii hilo.

Tupike sasa. Twanga maganda makavu kwa kinu kidogo, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, si unga. Vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwa kikombe cha mililita 250. Mwagia maji yaliyochemka, funika, subiri dakika 15. Kifuko cha dukani huambiwa dakika nane na watu wanakitoa baada ya tatu, ndiyo maana wanaonja rozela tu. Rozela hutoka upesi, ganda la mwaridi ni gumu na linahitaji muda. Chuja kwa karatasi ya kahawa au kitambaa cha kuchujia tui. Kichujio cha kawaida cha chai kina matundu makubwa, vinyweleo vinapita.

Ukiwa na matunda mazima, kama yale yanayouzwa kwenye maduka ya Warusi kwa jina la shipovnik, tumia chupa ya chai, ile ile ya maua iliyoko kila nyumba ya Waswahili. Vijiko viwili vya mezani vya matunda yaliyopondwa kidogo, nusu lita ya maji yaliyochemka, funga usiku, asubuhi chuja kwa kitambaa. Kwenye maduka ya Waturuki uliza kuşburnu. Katika duka la dawa omba Schalen, yaani maganda bila mbegu. Ni ghali zaidi, lakini kazi ya upupu imeshafanywa na mtu mwingine.

Sufuria ya aluminiamu iliyobebwa kutoka Kariakoo iache kwa ajili ya ugali. Asidi hula aluminiamu na chai inapata ladha ya chuma. Tumia ya stili, ya enameli, au birika la kioo. Maji nayo yana hila zake: Berlin na München maji ya bomba yana chokaa nyingi, hivyo mchanganyiko wenye rozela hugeuka zambarau chafu badala ya wekundu. Matone machache ya limau yanarudisha rangi papo hapo.

Anayetaka rangi ya dukani achanganye mwenyewe sehemu mbili za maganda ya mwaridi na moja ya rozela. Mdalasini unakubali, tangawizi inakubali, iliki kwa maoni yangu inapigana nayo. Asali itiwe chai ikishapoa kidogo. Na maziwa, tafadhali, hapana. Najua mkono wa Mswahili unavyokwenda wenyewe kwenye pakiti ya maziwa kila unapoona kikombe kinachotoa moshi. Uchachu utayakata, na utabaki na mabonge meupe yanayoelea kwenye maji ya waridi.

Mbegu ulizokwangua usizitupe. Zioshe kwenye chujio kubwa mpaka vinyweleo viishe, zikaushe, kisha uzichemshe taratibu nusu saa, kijiko kimoja cha mezani kwa nusu lita. Watu wa Schwaben huiita Kernlestee. Haina uchachu, inanukia vanila kwa mbali, na hii, ukitaka, itilie maziwa.