Mshono wa Sista Fumua

Ukitaka kumjua mwanamke aliyelelewa na masista, msubiri saa sita mchana kengele ya kanisa ilie. Hata kama yuko Kariakoo anavutana bei ya mtumba, mdomo utaanza wenyewe, "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," kisha atarudi kwenye bei palepale alipoiachia. Au mfungulie mkoba. Wangu una simu, leso na chenji za daladala, halafu una sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha fulana na uzi uliozungushiwa kiberiti. Mume wangu aliwahi kuniuliza kama natarajia vita.

Nilisoma bweni kwa masista, huko juu Usambara, kwenye baridi ya kufulia kwa machozi. Sista aliyetufundisha sayansi kimu tulimbatiza jina la Fumua, kwa kuwa ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Ukimpelekea kazi yako hakuiangalia mbele, aliigeuza ndani. Akiona uzi umekaa upande, aliirudisha mezani na kusema, "Fumua." Haelezi, hagombi. Niliingia fomu wani siwezi kurudishia kifungo, nikatoka naweza kushona kola gizani, maana jenereta lilizimwa usiku na kazi ilitakiwa asubuhi. Hilo la gizani liwekeni akilini.

Tulimnung'unikia sana wakati ule. Lakini nilipofika Dar sina kazi, ni yeye aliyenilisha. Nilipunguza suruali za watu kwenye kibaraza cha Tandika kwa cherehani ya kuazima, na kodi ya chumba ikalipwa. Wateja walirudi kwa sababu moja tu: kabla sijamkabidhi mtu nguo yake, niliigeuza ndani kwanza.

Sasa, binti wa mama mkubwa akaolewa. Ndoa ilifungwa St. Joseph, lile kanisa la Wajerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902, linaloitazama bandari. Wakati maharusi wanapigwa picha, mama mkubwa alituonyesha kwa kidole shule iliyo ubavuni mwa kanisa. Alisoma hapo ilipokuwa ya masista, ikiitwa St. Joseph's Convent, kabla Sheria ya Elimu ya 1969 haijazipeleka shule za misheni serikalini na hiyo ikawa Forodhani. Baadaye ilirudi kanisani. Kwake hiyo si historia, ni mali. Anasema aliwahi kudarizi kitambaa cha altare cha humo ndani, na kila akienda misa anakitafuta kwa macho mpaka komunyo inampita.

Msafara ukaondoka, matarumbeta yakiwa kwenye pikapu mbele yetu, tukaingia ukumbini Sinza usiku umeshakolea.

Na nani amekaa meza ya mbele? Sista Fumua. Amestaafu, anatembea kwa mkongojo, na bibi harusi naye alipita mikononi mwake. Meza yetu nzima ya wanafunzi wa zamani tuliinuka kwenda kumsalimia. Hakuna aliyetupanga, lakini tulipofika tulikuwa tumesimama mstari mmoja, wafupi mbele. Mmoja wetu ni meneja wa benki.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina. Mbona pindo lako limeshuka?"

MC alikuwa kijana wa kisasa, suti ya damu ya mzee, suruali ya modo iliyombana hadi ungeweza kusoma sarafu mfukoni. Katikati ya vichekesho vyake aliamua kuigiza jinsi bwana harusi alivyopiga goti kuomba uchumba. Akapiga goti. Mlio ulipita kwenye maikrofoni, na wageni wengi walidhani spika imeungua. Nilimwona MC anaacha kucheka, kisha anarudi nyuma ya mapambo kinyumenyume kama kaa, huku akiendelea kutusihi tuwapigie maharusi makofi.

Haikuchukua muda binamu wa kamati akaniinamia sikioni. "Dada, sindano." Hakuuliza kama ninayo.

Nyuma ya mapambo palikuwa na upenyo wa mtu mmoja, ukuta huku na mashuka ya shifoni nyeupe kule, yakining'inia kwenye mabomba ya chuma. Nikamwambia MC avue.

"Dada yangu, kuivua naweza. Kuivaa tena inahitaji watu wawili."

Ndipo umeme ukakatika. Ukumbi mzima ukaguna, mtu wa jenereta akaanza kuitwa kwa majina yake yote. Mimi sikutishika, giza ni darasa langu. Nikamwambia MC azishike kingo mbili za mpasuko yeye mwenyewe, azibane. Akapeleka mikono nyuma, akakusanya alichokusanya, akasema, "Shona hapo." Naomba isomeke vizuri: alichonishikisha ndicho nilichoshona. Uzi mara mbili, mshono wa kurudi nyuma, sindano ikitoka mbele na kurudi nusu hatua kabla ya kuendelea. Kitambaa nilikisikia kinene kidogo, nikadhani bitana. Nikapiga fundo, nikaongeza fundo, nikakata uzi kwa meno.

Jenereta likaunguruma, taa zikawaka, DJ akapandisha muziki. "MC! MC!" MC akatoka mbio, maana ma-MC huwa hawatembei.

Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha shuka likaisha urefu. Bomba la kushoto likainama, la kulia likalifuata, maua yakashuka, majina ya maharusi yakashuka herufi moja moja. MC aligeuka kuangalia kuna nini nyuma yake, na kwa kugeuka akajiviringisha. Wageni wakapiga vigelegele, wakijua ndio staili mpya ya mjini. Ncha ya shifoni ikaenda kutua kwenye meza ya ndafu, na yule mbuzi, na majani yake mdomoni, akawa amevaa shela. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa sauti, "Sasa anaolewa nani?"

Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa ukutani, pazia sina, sindano mdomoni, ukumbi mzima unanitazama.

Mpambaji akaja na mkasi akitaka suruali ikatwe. MC akataka likatwe shuka. Walipokosa kuelewana wakaamua kuvuta: mpambaji huku, binamu na DJ kule, MC katikati akisema "taratibu, jamani." Shifoni ikachanika kandokando. Mshono haukuachia hata tundu moja. Nitasema kweli, pamoja na aibu yote ile, nilijisikia vizuri.

Watu wakapisha. Sista alikuwa anakuja na mkongojo wake. Akavaa miwani, akainama nyuma ya MC, akageuza kitambaa ndani. MC, bila kuambiwa, akanyoosha mikono juu.

"Mishono iko sawasawa," Sista akasema.

Miaka yote ya shule sikuwahi kuambiwa neno hilo. Nilitamani mama mkubwa awe amelisikia, na meneja wa benki pia.

"Lakini fundo umelifungia nje."

"Kulikuwa na giza, Sista."

"Fumua."

Nikapiga magoti na gauni la sare, na watoto wangu wako meza ya kumi wanarekodi, nikafumua mshono mmoja baada ya mwingine. MC akaendelea na kazi akiwa amewaelekea wageni: akaita wazazi, akaita keki, akaita zawadi, na kila aliyepita jukwaani aliniinamia kunipa pole. Nilishona upya, Sista ameshika tochi ya simu, ingawa taa zote zilikuwa zinawaka.

Fidia ya mapambo bado inajadiliwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Mpambaji anadai suruali ndiyo iliyomvuta, MC anadai pazia ndilo lililomshika, na mweka hazina amejitoa kundini.

Juzi MC kanitumia ujumbe wa sauti kutoka harusi nyingine, Mbezi, anaongea kwa kunong'ona. Imechanika tena. "Siyo pale pako, dada. Pale pako pamegoma kabisa. Ni pembeni yake." Akaomba nimuulize Sista kama anapokea kazi za nje.

Nikamrushia Sista vilevile ulivyo. Jibu lilikuja baada ya masifu ya jioni: "Aje. Suruali aishike mkononi."